Kwa Mtaliana

Hakuna Mtaliana aliyewahi kukanyaga hoteli ile ya Kiponda, lakini watu wote waliiita Kwa Mtaliana. Mwenyewe alikuwa Bi Mwatima, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye ujanani mwake alifuatana na mumewe hadi Mogadishu, akafanya kazi miaka minane jikoni kwa bibi mmoja wa Kitaliana. Mume alipofariki alirudi Unguja na ujuzi wake: kukanda unga kwa mayai, kuukata nyuzinyuzi, kuanika tambi kwenye kamba kama mtu anayeanika nguo, na kupika mchuzi mzito wa nyanya, vitunguu thomu na nyama ya kusaga. Meza zake zilikuwa nne tu, katika ukumbi wa chini wa nyumba ya marehemu baba yake. Aliyeingia pale hakuharakishwa. Angeweza kula, akaagiza chai, akazungumza mpaka alasiri, na hakuna ambaye angekuja kumpangusia meza ili aondoke.

Shaame alikuwa mteja wa pale kwa miaka sita. Alikuwa karani katika ofisi moja ya stoo, mtu wa Mkunazini, aliyeachana na mkewe zamani na hakuoa tena. Alikuwa na meza yake karibu na mlango wa uani. Bi Mwatima alikuwa akimkwangulia ule mchuzi uliogandia chini ya sufuria, akamwekea pembeni ya sahani, kwa kuwa alijua anaupenda.

Mwaka 1969, mwezi wa Mei, mkuu wa makarani pale ofisini alistaafu. Shaame alikuwa na yakini kwamba kiti ni chake. Alisoma mjini, mwandiko wake ulikuwa ukisifiwa, na alikuwa mkongwe kuliko wote waliobaki. Kiti akapewa Pandu, mtu wa Makunduchi, aliyeingia kazini miaka mitatu baada yake. Pandu alikuwa mpole, mwembamba, na ndiye aliyekuwa akiwasalisha wenzake Adhuhuri kwa sababu hapakuwa na aliyemfikia kwa kisomo. Shaame alimpa mkono wa pongezi, akacheka pamoja na wengine. Siku ile alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, na hakula kitu mpaka asubuhi.

Pandu hakuyajua hayo. Kwa furaha yake aliwaita Shaame na Hija, karani wa tatu, akawaambia, "Ijumaa baada ya sala nataka tukale pamoja, sisi watatu. Lakini mimi mtu wa shamba, hoteli za mjini sizijui. Nyinyi chagueni."

"Twendeni Darajani tukale biriani," alisema Hija.

"Biriani mtu hula harusini," alisema Shaame.

"Basi mishikaki, kule pwani."

"Kule utakula umesimama, moshi wote machoni. Sheikh Pandu anataka tukae, tuzungumze, tupumue. Twendeni Kwa Mtaliana."

Pandu alisita. "Chakula cha Wataliani? Ni halali hicho?"

"Bi Mwatima Muislamu kama mimi na wewe, na sala hazimpiti. Mtaliana ni jina tu."

"Basi yameisha. Wewe umechagua, mimi nnafuata."

Wakati ule Shaame hakuwa na nia nyingine ila moja ndogo. Alitaka kumwona mkuu wa makarani akihangaika na tambi ndefu, mchuzi ukimtiririka kidevuni, kanzu nyeupe ikiingia madoa.

Ijumaa asubuhi alikwenda sokoni kumnunulia dada yake nyama. Ulikuwa mwaka wa shida. Watu walipanga foleni tangu alfajiri mbele ya bucha la Muhiddin, na wa nyuma walijua kwamba hawatapata. Shaame alikuwa amesimama pembeni, mahali panapoonekana mpaka ndani. Alimwona Muhiddin akikata mnofu wa paja la ng'ombe, akausaga kwenye mashine, akaufunga kwa jani la mgomba, kisha akautoa kwa mlango wa nyuma. Mkono uliopokea ulikuwa wa Bi Mwatima. Kuuza nje ya foleni kulikuwa kumekatazwa, na waliokamatwa hawakuulizwa mara mbili. Shaame akanyamaza. Nyama ile angekuja kuila mwenyewe mchana.

Hiyo karamu haikwenda kama alivyotaka. Pandu hakuhangaika. Alinawa, akapiga bismillahi, akazikusanya tambi kwa vidole vitatu kama mtu aliyezaliwa nazo, na kanzu yake ikabaki safi. Alikula, akasifu, akaongezewa. Bi Mwatima alitoka jikoni kumtazama mgeni anayekula kwa raha vile. Alivuta kigoda, akamuuliza habari za Makunduchi, ikatokea kwamba marehemu mumewe alikuwa na jamaa kule, na Pandu akawa anawajua kwa majina. Wakacheka. Kisha Bi Mwatima akaingia jikoni, akarudi na kijiko na ule mchuzi uliokwanguliwa chini ya sufuria, wote, akauweka kwenye sahani ya Pandu.

"Leo apewe mgeni," alisema. "Shaame kashakula vya kutosha."

Hija akacheka. Shaame naye akacheka, na macho yake hayakutoka kwenye sahani ile mpaka Pandu alipoimaliza.

Walipotoka, wakawa wanakwenda polepole kwenye kichochoro kuelekea Mkunazini, Pandu akiwa katikati. "Wallahi sijala nyama laini kama ile," alisema. "Ng'ombe wa wapi yule?"

Shaame mwenyewe baadaye hakuweza kusema maneno yale yalimjia saa ngapi. Yalikuwa tayari mdomoni.

"Hukuitambua? Na wewe mtu wa kusini?"

"Kuitambua vipi?"

"Ng'ombe siku hizi yuko wapi, Sheikh Pandu? Si unaziona foleni? Ile inatoka njia ya kwenu, msitu wa Jozani. Kuna watu wanawinda kule, wanaleta mjini kwa vikapu. Ikishasagwa ikatiwa thomu, nani atajua."

Pandu alisimama. Kule Jozani, kila mtoto wa kusini alijua, mnyama anayewindwa na watu wakanyamaza kimya ni nguruwe mwitu.

"Unanitania."

"Muulize Hija."

Hija alikuwa ameuma midomo asicheke. Akatikisa kichwa kukubali.

Pandu aliinama kwenye mfereji wa kando ya ukuta, akatapika, akatia vidole kooni, akatapika tena, mpaka ikawa hatoi ila maji ya njano. Kanzu yake ya Ijumaa ilichafuka mpaka magotini. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walijifunika pua kwa buibui. Hija aliegemea ukuta akicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Shaame alihisi utamu kifuani ambao hakuupata tangu Pandu apewe kiti.

"Tutamwambia kesho," Hija alisema Pandu alipokwisha kwenda zake.

"Kesho," Shaame alijibu.

Kesho yake Pandu alikuja kazini macho yameingia ndani. Ilipofika Adhuhuri alisimama safu ya nyuma. Wenzake walipogeuka kumtazama, alisema, "Asalishe mwengine. Mimi sistahiki." Hija alimnong'oneza Shaame, "Mwambie bwana, inatosha." Shaame akajibu, "Muache kidogo." Siku ya pili Hija alisema vilevile. Siku ya tatu Hija hakumwambia tena, maana naye alikuwa ameanza kuogopa.

Pandu alikuwa amepanga chumba Mpendae, na alikuwa amemwendea sheikh mmoja jirani yake kumuuliza hukumu. Sheikh alimwambia kwamba asiyejua hana dhambi. Lakini nyumba ya sheikh ilikuwa na masikio mengi, na kabla wiki haijaisha mji ulikuwa unajua kwamba Kwa Mtaliana watu wanalishwa nguruwe.

Meza nne zikabaki tupu. Bi Mwatima alipika siku mbili, akamwaga. Siku ya tatu alikuta mlango umepakwa kinyesi. Majirani waliokuwa wakiazima kwake mbuzi ya kukunia nazi walimrudishia, ile na vyengine vyote, wakaviweka kizingitini bila kubisha hodi. Wazee wawili wa mtaa walikwenda bucha kumuuliza Muhiddin kama yeye ndiye anayemuuzia nyama. Muhiddin alifikiria mlango wake wa nyuma. Akafuta kisu, akasema, "Mama huyo simuuzii nyama tangu Ramadhani." Baada ya hapo hapakuwa na wa kumtetea.

Pandu alipoyasikia hayo yote alishtuka, maana hakukusudia mtu aumbuliwe. Alimwita Shaame pembeni. "Twende tukamuulize mwenyewe," alisema. "Pengine hao wawindaji walimdanganya. Wewe ndiye unayemjua, uwe shahidi."

Shaame alitafuta udhuru, hakuupata. Wakaenda.

Bi Mwatima aliwafungulia. Alikuwa peke yake ukumbini, kamba ya kuanikia tambi ikining'inia tupu juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, Bi Mwatima," alisema Pandu.

"Marahaba."

"Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kukuuliza. Nyama ya Ijumaa ile ilikuwa nyama gani?"

Bi Mwatima alikwenda chumbani, akarudi na Msahafu, akauweka juu ya kiganja. "Ilikuwa ng'ombe. Nilinunua kwa Muhiddin asubuhi ile, kwa mlango wa nyuma. Naye leo ananikana." Kisha akamgeukia Shaame. "Mwanangu, wewe umekula kwangu miaka sita. Mwambie mwenzako mimi ni mtu gani."

Palikuwa na neno moja tu la kusema. Shaame aliliona lilivyo. Akaona pia uso wa Pandu ukilisikia, mkuu wake wa kazi aliyetapika njiani mbele ya watu, na ofisi nzima ikijua, na wazee wa mtaa wakimwita.

"Mimi, Bi Mwatima," alisema, "siingii jikoni. Naletewa, nakula. Kinachopikwa sikijui."

Bi Mwatima alimtazama, akangoja kama mtu anayedhani maneno hayajamalizika. Yalikuwa yamemalizika. Alikunja mkono, akaukumbatia Msahafu kifuani. Pandu ndiye aliyeinamisha kichwa, akaomba radhi, wakatoka.

Hazikupita wiki mbili. Usiku na mchana mawe yalipigwa madirishani, na hakuna aliyeuliza nani anayepiga. Bi Mwatima alifunga nyumba, akaenda Matemwe kwa dada yake, Biasha. Pandu alifunga saumu siku sitini ambazo hakuna aliyemwamuru, akakonda mpaka mshipi ukamzunguka kiuno mara moja na nusu, kisha akaomba uhamisho arudi Makunduchi. Hija alipelekwa Pemba. Kiti cha mkuu wa makarani akapewa Shaame, na alikikalia vizuri. Mwandiko wake uliendelea kusifiwa.

Mwaka 1971 alipelekwa Matemwe kwa kazi ya siku moja, kuandika idadi ya robota za makumbi ya nazi. Alipomaliza, aliona kwenye ua mmoja mwanamke mkongwe akipiga makumbi kwa gongo, mikono myeusi kwa tope la pwani, na hakumjua mpaka mwanamke mwenyewe aliposema, "Shaame."

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukae."

Biasha alimletea maji. Bi Mwatima aliosha mikono, akakaa chini mbele yake. Alikuwa amezeeka miaka kumi katika miwili. Shaame alijiandaa kusikia lawama, na kichwa chake kizima kilikuwa kikitafuta jibu. Pengine, alijiambia, leo nitasema kweli.

"Nlikuwa naomba Mungu nikuone kabla sijafa," alisema Bi Mwatima. "Nimefikiri sana hapa. Muhiddin alinipa nyama imeshasagwa, imefungwa. Mimi sikuiona ikikatwa. Ingekuwa ng'ombe, kwa nini akane? Mtu hakani ng'ombe. Nshajua sasa. Alinipa kile kitu, nami nikawalisha watu. Sijui siku ngapi. Sijui miaka mingapi."

Shaame alishika kikombe cha maji.

"Wewe ulikula kuliko wote," aliendelea. "Na siku ile ulipokataa kunitetea nilikulaani, mwanangu. Nilikulaani, na kumbe ulisema kweli tu. Silali kwa hilo. Nisamehe. Kwa nilichokulisha na kwa laana ile, nisamehe."

Paja la ng'ombe, lenye mafuta meupe pembeni, lilipita mbele ya macho ya Shaame kama lilivyokuwa asubuhi ile, na mkono wa Muhiddin ukizungusha mashine. Biasha alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nje, dereva wa ofisi alipiga honi.

"Nshakusamehe, Bi Mwatima," alisema Shaame. "Zamani."

Mwanamke alimshika mkono, akaubusu, akaulilia, na ilibidi Shaame auvute taratibu mpaka ukatoka. Alitoka uani, akaingia garini.

"Jamaa yako?" dereva alimuuliza.

"Hapana. Alikuwa na hoteli mjini."

Dereva alitia gia, akatazama nyuma kwenye kioo. "Si yule wa nguruwe?"

"Ndiye," alisema Shaame, akapandisha kioo kwa sababu ya vumbi.