Nyumba Iliyohama kwa Baiskeli

Jumatatu asubuhi Oguttu alikipindua kiti cha mbao, akakifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu kuukuu, akaanza kuhama.

Hakuonekana anahama, na hivyo ndivyo alivyotaka. Mwaka ule wa sabini na saba, mtu wa Busia ya Uganda akipakia vitu vyake kwenye lori, askari walijua anatoroka, na anayetoroka walimtafutia kosa baadaye. Kazi ya Oguttu ilikuwa kuvusha watu na mizigo kwa baiskeli, kutoka kizuizi cha huku hadi kizuizi cha kule Kenya. Basi akaamua kuivusha nyumba yake kama mzigo wa mteja, kipande kwa kipande. Mipango yote aliiweka kichwani, maana shule aliiacha mapema. Kwanza vitu vibovu, kwa kuwa kitu kibovu kina sababu ya kwenda kwa fundi. Halafu vya kulalia. Vya jikoni viwe vya mwisho, mtu lazima ale mpaka siku ya kuondoka. Na siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Okiror, mwanajeshi aliyewahi kula nyumbani kwake, alikuwa amempitishia neno kwamba jina la Oguttu limesomwa kwenye orodha ya wa kuchukuliwa, na watakuja Jumatatu.

Kizuizini askari alikitazama kile kiti.

"We mzee, kiti hii nakwenda wapi?"

"Kwa fundi, afande. Mguu moja nacheza."

"Huku fundi hakuna?"

"Fundi iko. Misumari ndio hakuna."

Askari akacheka, akamwachia. Oguttu hakucheka. Aliona hakuna cha kuchekesha kwa wakubwa waliokula nchi mpaka wakafika kwenye misumari.

Alikipeleka kiti kwenye chumba alichopanga nyuma ya duka la Muhamadi, upande wa Kenya, akakiweka ukutani, akafunga kufuli. Jioni aliporudi nyumbani, kiti kilikuwa mahali pake karibu na dirisha, kimepanguswa vumbi. Oguttu alikitazama. Kisha akakikalia, akavua viatu.

Jumanne alivusha godoro. Jioni alilikuta kitandani, limetandikwa shuka, na pembe za shuka zimefungwa mafundo chini ya godoro ili lisiteleze. Hapo akajua ni nani. Duniani alimfahamu mtu mmoja tu aliyetandika hivyo, naye ni mkewe Benedeta, aliyezikwa nyuma ya jiko miaka miwili iliyopita. Alikufa hospitalini kwa kukosa chupa za dripu. Chupa zilikuwepo. Zilikuwa sokoni, zinauzwa na watu wa wakubwa.

Jumatano Oguttu aliacha kazi mapema. Alikuwa anarudi kutoka Kenya na baiskeli tupu alipomwona mbele yake barabarani, amejitwika sufuria kubwa iliyotoboka na ungo uliochanika, alivyovivusha Oguttu asubuhi ile, anatembea kama mtu ambaye moto wake umekwisha kuwashwa. Askari wa kizuizi walimpisha. Kupekua waliokufa haikuwa kazi yao. Oguttu alimfuata taratibu bila kupiga kengele, mpaka akamfikia.

"Panda, Mama Mangeni."

Benedeta alipanda, akakaa upande kama zamani, sufuria mapajani. Baiskeli haikuongezeka uzito.

"Baba Mangeni, kuna mtu anatuibia," alisema.

"Mwizi gani huyo wa kuiba kiti kinachocheza?"

"Ndiyo nashangaa. Mwizi mwenyewe mjinga. Anapeleka vitu chumba kimoja, anavipanga ovyo, godoro mlangoni."

Oguttu aliendesha. Maneno alikuwa nayo mdomoni, lakini walipofika kwenye mpera wa nyumbani alikuwa bado hajayatoa. Benedeta alishuka, akaingia jikoni, akarudisha sufuria mahali pake, akapotelea nyuma.

Kesho yake Zubaida, jirani muuza mafuta ya taa, aliongea naye juu ya ua.

"Jana nimemwona Mama Mangeni. Amenisalimia vizuri tu, amenona kidogo."

"Nami nilimwona."

"Umemwambia kwamba mnahama?"

Oguttu alijifanya anakaza mnyororo wa baiskeli.

"Shemeji, mimi Mwislamu, mambo yenu najua kwa kuyasikia ukutani," Zubaida akasema. "Lakini hata mimi najua. Hujamwambia."

Ni kweli. Kwenye ukoo wa Oguttu, nyumba ikihama, mafiga hung'olewa na mwanamke aliyeyapanda. Kama amekufa, mume husimama kaburini akamwambia kwa sauti kwamba wanahama, na kwa nini. Asipoambiwa, huendelea kuitunza nyumba anayoijua. Oguttu aliyajua haya tangu utotoni. Kusema wanahama hakukumshinda. Kilichomshinda ni kile "kwa nini".

Kile "kwa nini" kilikuwa Mangeni, mtoto wao wa pekee, karani kwa mawakala wa forodha. Mwezi wa pili, gari lisilo na namba lilimchukua kwenye barabara ya Tororo, mchana, watu wakitazama. Oguttu alikwenda kambini Tororo kuuliza, akarudi tena, akarudi tena, mpaka ofisa mmoja akamwambia kwa upole, "Mzee, ukija mara nyingine tutakupeleka ukamwone." Baada ya hapo ndipo jina lake likasomwa. Benedeta alikufa akijua mwanawe yuko ofisini, amevaa tai. Oguttu alikuwa hajapata moyo wa kumvua mtoto ile tai.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilikwepa hata peke yake. Akimwambia, itabidi amuulize kama huko aliko hajamwona.

Ijumaa ilipita hivyo, akivusha na Benedeta akirudisha. Jumamosi jioni, jua likiwa bado liko juu ya mapaa, Oguttu alikwenda nyuma ya jiko, akavua kofia.

"Mama Mangeni, mwizi ni mimi. Tunahama."

Benedeta alikuwa amekaa kando ya kaburi lake, anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Kwa nini?"

Akamwambia. Alisema yote, gari, barabara, kambi, ofisa mpole. Benedeta aliendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa majani na kubakiza vijiti.

"Huko mliko," Oguttu akasema, "hujamwona?"

"Sijamwona."

Oguttu alishusha pumzi. Benedeta akamwangalia jinsi anavyoishusha, akamhurumia, lakini hakumficha.

"Baba Mangeni, usifurahie hilo. Ambaye hajazikwa hafiki kwetu. Wako wengi mwaka huu. Tunawasikia njiani wakiuliza njia, na sauti ni nyingi, huwezi kujua ya nani."

Oguttu akachuchumaa kando yake, akayaokota majani aliyoyatupa.

"Basi twende wote," Oguttu alisema. "Chumba kidogo, lakini hakivuji."

"Mimi nabaki. Akija mzima, atapitia mlango wa mbele. Akija vile vingine, atapitia huku nyuma. Mtu mmoja lazima awepo wa kumfungulia." Alijifuta mikono. "Wewe nenda. Huku wewe ndiye wa kufa, mimi nimeshamaliza."

Kisha akaingia ndani kupanga, kwa sababu mipango ya Oguttu haikumpendeza hata kidogo. Godoro, alisema, lisikunjwe kama magendo. Livushwe likiwa wazi, na doa lake juu, hakuna askari atakayeligusa. Vikombe viingie ndani ya nguo, nguo ndani ya sufuria. Kitanda cha Mangeni, sahani yake na blanketi lake havitoki. Mwisho akapiga magoti jikoni, akang'oa figa moja, jeusi, zito, akampa.

"Mengine mawili utaokota huko huko. Hili ndilo nyumba."

Jumapili Oguttu alivuka mara nyingi, na hakuna kilichorudi. Mzigo wa mwisho ulikuwa lile figa.

"Jiwe nayo nakwenda kwa fundi?" askari aliuliza.

"Hapana, afande. Ya kupikia."

"Kenya mawe hakuna?"

"Iko. Lakini hii ni ya bibi yangu."

Askari alilipapasa, akakuta bado lina joto, akafungua kizuizi.

Watu wa wakubwa walikuja Jumatatu kama walivyosema. Zubaida aliwasikia. Walikuta ua umefagiwa na mwanamke amesimama mlangoni. Wakamuuliza mume yuko wapi, akasema amehama. Wakamuuliza mtoto yuko wapi.

"Hilo ndilo nilitaka kuwauliza ninyi," Benedeta alijibu.

Walimtazama, wakatazamana, wakapanda gari lao wakaenda. Walikuwa wameulizwa hivyo na watu wengi, na kuulizwa na marehemu hakukuwaongezea kitu.

Tangu hapo, siku za soko, Benedeta huvuka jioni kuja kumwona mumewe. Hukagua chumba, husogeza vitu, humwambia shati hili alifue. Oguttu huchemsha chai. Upande ule wa Kenya sukari ilikuwa inapatikana, na Mangeni hapendi chai isiyo tamu, kwa hiyo kabla mkewe hajaondoka Oguttu humfungia kidogo kwenye karatasi, ya kumwekea mtoto kwenye kopo nyumbani. Humpeleka kwa baiskeli mpaka kizuizini. Hamwulizi chochote njiani.

Jioni moja Benedeta alishuka, akaipokea ile karatasi, akasimama nayo kidogo.

"Baba Mangeni," alisema, "wiki ijayo unitafutie kopo lingine. La kwanza limejaa."