Jamaa Waliokwama Koridoni

Mabinti wa ghorofa ya juu ya hosteli walipotoka kwenda kuoga, ndoo mkononi, walipita ubavu ubavu ili wasiwagonge jamaa waliokwama koridoni. Wiki hiyo walikuwa wengi. Mtu akipigiwa simu ya video na wa kwao, na mtandao ukaelemewa, yule wa kwao alifika nusu na kubaki hapo mbele ya mlango. Baba wa binti mmoja alikuwa kichwa na mabega tu. Mchumba wa binti waliyemwita Bibi Harusi alikuwa amekwama midomo imechongoka, busu halijatoka. Mjomba wa mwenzao waliyemwita Profesa alikuwa amefika hadi magotini, na kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka, watu walianika taulo pale.

"Shikamoo, mjomba," walimwambia kwanza, ndipo wakaanika.

Mbele ya chumba cha mwisho alisimama mama yake Sista. Sista ni jina walilompa kwa sababu alikuwa akisomea uuguzi. Mama alikuwa amefika mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili, ila mdomo ulibaki wazi. Alikuwa amesema, "Mwanangu, baba yako mdogo akikwambia naendelea vizuri, ujue..." Akakwama.

Tangu hapo, Sista akipiga simu ya kawaida, ilipokelewa na baba mdogo.

"Mama anaendelea vizuri. Amelala. Wewe soma, mitihani hiyo imekaribia."

Kwao, mwenye mitihani haambiwi ugonjwa wala msiba mpaka amalize karatasi ya mwisho. Sista aliifahamu desturi hiyo. Aliporudi kutoka shule ya bweni na cheti ili amshangaze babu yake, alipelekwa nyuma ya nyumba akaonyeshwa kaburi, na nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake. Sasa kila jioni alimfuta mama vumbi usoni kwa kitambaa kibichi, akimuuliza taratibu, "Nijue nini, mama?"

Fundi wa mtandao alikuja na ngazi na mkoba wa nyaya. Aliwasalimia jamaa wote kwa umri wao, akafungua dari, akaufuata waya mkuu kwa tochi. Aliposhuka, aliinama kuchungulia chini ya vitanda. Kila chumba kilikuwa na ruta yake ya kuvutia mtandao, imefichwa nyuma ya sanduku au imefunikwa kanga.

"Kumbe!" alisema. "Nyumba ina laini moja, ilivutwa wakati kuna ghorofa moja. Ghorofa zikapanda, laini ni ile ile. Na nyinyi juu yake mmeleta vidude hivi, kila mtu avutie kwake. Vinapigiana kelele. Hakuna anayesikika."

Mwenye nyumba alikuwa ameegemea ngazi. "Laini ya pili sileti," alisema. "Hii inatosha. Tatizo lao ni midomo." Alimwomba radhi bibi mmoja aliyekwama kabla miguu haijafika, akapita.

"Basi zimeni ruta zenu zote kwa pamoja," fundi aliwaambia mabinti. "Laini ya nyumba itapumua. Itawamalizia hawa mmoja mmoja, kila mtu aseme lake aondoke. Lakini ziwe zote. Ukizima peke yako, wako anakwenda zake na neno lake mdomoni."

Sista hakuwa msemaji, lakini alibisha hodi mlango hadi mlango.

"Mimi nina miezi namsubiri huyu anibusu," Bibi Harusi alisema, "leo nizime?"

"Tukizima wote atakubusu."

"Na wasipozima?"

"Watazima. Nimeongea nao."

Profesa alimshika mkono. "Sista, kwa mama yako mimi nazima hata sasa hivi."

Baada ya chakula cha mchana wote waliingia vyumbani mwao, wakaacha milango imerudishiwa. Fundi alisimama katikati ya jamaa, simu yake mkononi.

"Haya. Zimeni!"

Sista alichomoa yake. Kwenye vyumba vingine kila binti alikaa kitandani akiitazama taa ndogo ya kijani. Kila mmoja alihesabu kwamba wenzake wakizima, yeye akiacha, wa kwake atafika upesi zaidi, na ruta moja haiwezi kuharibu kitu.

Fundi aliangalia simu yake.

"Amezima mmoja," alisema.

Mama aliondoka kuanzia kandambili. Sista alitoka mbio, akasimama karibu naye kama mtu anayenong'onezwa. Magoti yaliondoka, mikono, shingo. Mdomo ulibaki peke yake kidogo hewani. Sista aliuwekea sikio. Ilitoka pumzi fupi, yenye harufu ya dawa ya hospitali, kisha ukuta ukabaki ukuta.

Nafasi aliyoiacha mama kwenye laini ilimfaa jirani. Miguu ya mjomba wa Profesa ilifika, na viatu vyake. Alishusha mkono, taulo zikaanguka.

"Hamjambo hapa? Mpwa wangu, vile viatu ulivipata?"

"Nilivipata, mjomba. Vinabana kidogo."

"Vitalegea," mjomba alisema, akaondoka.

Profesa aliokota taulo, akazikunja, akazikunjua, akazikunja upya.

"Sista, nilidhani wenzangu watazima."

"Hata mimi," Sista alisema.

Alipiga simu nyumbani. Nyuma ya sauti ya baba mdogo watu wengi walikuwa wakiongea polepole, na mtu alikuwa akiburuta viti.

"Mama anaendelea vizuri," baba mdogo alisema. "Soma, mwanangu."

Fundi alimwarifu mwenye nyumba kwamba mtandao umepata nafuu. Mwenye nyumba alipanda kuhakikisha, akaona pale kwa mama pamebaki wazi. Akapapima kwa hatua. Kesho yake walipandisha hapo koridoni kitanda cha chuma na mwanafunzi mgeni, msichana mwenye begi lililofungwa kwa kamba. Mgeni alitandika, akalala akielekea ukutani, kisha akageuka.

"Dada, mbona huu ukuta una joto?"

"Alikuwa amesimama mama yangu."

"Ohoo. Samahani." Alisogeza mto upande wa pili. Baadaye kidogo akatoa ruta mpya kwenye begi, akaangaza macho huku na huku.

Sista alimwonyesha ilipo soketi.