Tangi la Kyandulu

Jumatatu asubuhi Musyimi aliingia studio ya picha ya Esha pale Emali bila hata hodi, akabandika karatasi juu ya kaunta na kusema, "Soma hiyo. Usije ukasema hukuambiwa."

Yalikuwa maneno ya kuchongwa kwenye jiwe. Watu wa Kyandulu, kile kistesheni cha reli ya zamani ambamo siku hizi hulala mbuzi, walikuwa wameamua kumwekea kumbukumbu Mwau, baba yake Musyimi. Mwau aligongwa na treni ya mizigo mwaka wa 1997 akiwa juu ya kigari cha kiberenge, akikagua reli. Jina, tarehe, na chini yake: *Aliuawa na uzembe wa dereva Hassan.*

Dereva huyo ni baba yake Esha.

"Futa hayo maneno," Esha akasema.

"Mbona nifute ukweli?"

"Ukweli gani? Tangi la maji lilimziba baba! Mkono wa ishara hakuuona mpaka alipofika!"

"Hiyo hadithi ya tangi tumeisikia mpaka tumeshiba. Fundi anachonga Jumamosi. Kama uko na ushahidi, leta. Kama huna, wachana na sisi."

Alitoka bila kuaga. Lakini Esha naye alikuwa na lake. Ushahidi ulikuwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya meza, karibu umalizike.

Watu wa Emali walimwona ana wazimu kidogo. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, ana wateja wa pasipoti na picha za harusi, lakini akifunga kazi hujifungia chumba cha nyuma kutengeneza treni zisizozidi urefu wa kiganja. Mabehewa aliyakata kutoka kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Kutu hakuichora kwa rangi. Aliikwangua kwenye mabati ya zamani, akaiponda, akaichanganya na gundi. Udongo ulikuwa wa Kyandulu yenyewe, mwekundu, uliopitishwa kwenye chujio la chai. Akishamaliza huinamisha simu hadi usawa wa reli na kupiga picha, na anayeiona picha hiyo huapa kwamba treni ni ya kweli na iko njiani inakuja.

Kyandulu ilimchukua miaka miwili. Alikwenda huko na futi ya fundi akapima kila kilichobaki: jukwaa la abiria, vikingi vinne vya saruji vilivyobeba tangi la maji, na kisiki cha mlingoti uliobeba mkono wa ishara, ule wa bati unaomwambia dereva apite au asimame, maana mlingoti wenyewe wezi wa vyuma walishaukata. Kila mita ya huko ikawa milimita kumi na moja na nusu mezani. Katika hilo Esha hakuwa na mchezo. Alijua mtu akitaka kumpinga ataanza na vipimo, kwa hiyo alipima mara tatu.

Kitu kimoja tu hakukipima: kama tangi liliziba kweli. Akipime cha nini? Hilo alilijua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, siku baba alipofukuzwa kazi na watoto wa shule wakaanza kumwita binti wa dereva usingizi. Alipigana nao wote. Alipokua akaendelea kupigana. Miaka sita iliyopita, katikati ya soko, alimfokea Ndila, mjane wa Mwau, kwa sababu Ndila alikuwa akisema mkono ule wa ishara ulionekana hata kutoka shambani kwake. Esha alimwita mwongo. Akaongeza kwamba Mwau alikuwa mlevi na alijiua kwa pombe yake. Ndila alikuwa ameinamia gunia lake la ndengu. Alilifunga polepole, akajitwika, akaenda zake.

Alhamisi saa nne asubuhi, saa ile ile ya ajali, Esha alichukua kamera nyembamba ya waya, ile ambayo mafundi wa magari huingiza ndani ya injini, akaipenyeza kwenye kibanda cha dereva wa treni yake. Akatazama kwenye simu kile ambacho dereva angekiona.

Mkono wa ishara ulionekana. Mwekundu, umenyooka: simama.

Akarudisha treni nyuma sentimita kumi. Unaonekana. Akarudisha thelathini. Unaonekana. Akairudisha mpaka mwisho wa meza, kwenye kona ambako reli inaanza kunyooka, na mkono ukawa bado pale, peupe, mbali kabisa na tangi. Ni kipofu tu ambaye hangeuona.

Esha alitukana. Aliitukana meza, akaitukana futi, akamtukana Musyimi ambaye hakuwepo. Ijumaa alfajiri alipanda bodaboda hadi Kyandulu kupima mara ya nne. Vikingi vya saruji vilikuwa palepale, na vipimo vilikuwa vilevile. Akajiambia labda watu walivisogeza. Nani duniani husogeza vikingi vya saruji? Hata yeye alijua huo ni upuuzi, na kujua kulimpandisha hasira zaidi.

Aliporudi alichukua kisu, akang'oa tangi kwenye gundi, akalivuta upande wa reli kwa upana wa kidole kimoja. Kidole tu. Akalibandika, akanyunyiza udongo juu ya alama za zamani, akapuliza vumbi. Alipopiga picha kutoka kibanda cha dereva, mkono wa ishara ulikuwa umepotea kabisa nyuma ya tangi. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Aliichapisha kubwa, na kila alipoitazama alitamani kuichana.

Jumamosi aliwaita wote wawili. Musyimi alikuja na uso wake wa Jumatatu. Baba, Mzee Hassan Mikail, miaka sabini na sita, aliletwa kama anayeburutwa. Kwa miaka miwili alikuwa amekataa kukanyaga chumba kile. Mara magoti yanauma, mara vumbi la udongo linamkohoza. Leo Esha alimwambia ni kwa ajili ya jina lake, na mzee akaja, kofia yake ya viua kichwani.

"Haya, tazama," Esha akamwambia Musyimi, akamsukumia ile picha. "Hapo ndipo dereva alipokaa. Mkono uko wapi? Nionyeshe!"

Musyimi aliitazama muda mrefu. Akaigeuza, akaigeuza tena. Uso ulianza kumlegea.

"Vipimo ni vya kweli?"

"Kapime mwenyewe."

"Kwa hivyo mamangu ndiye amekuwa akidanganya watu miaka hii yote?"

"Mimi nilisema zamani," Esha akajibu, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

Mzee Hassan hakuwa akitazama picha. Alikuwa ameinamia meza, pua yake karibu iguse mabehewa. Alitazama jukwaa, akatazama kokoto, akatazama reli mpaka kwenye kona. Kisha akanyoosha kidole, akakiweka kwenye tangi na kulisukuma mbali na reli. Gundi haikuwa imekauka vizuri. Tangi likaenda, udongo ukamwagika, na alama za zamani zikaonekana chini yake.

"Lilikuwa hapa," akasema.

"Baba, wacha!"

"Lilikuwa hapa, Esha. Nimelipita miaka kumi na tisa. Halikuziba chochote." Akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. "Nilisinzia. Kilichoniamsha ni kishindo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba, na Esha ndiye aliyekuwa akimfagilia baba yake kila asubuhi ili apite.

"Ulisinzia?" Esha akasema. Kisha akapaza sauti mpaka wateja waliokuwa nje wakageuka. "Ulisinzia, halafu ukaniacha nipigane na dunia nzima? Nilikuwa mtoto, baba! Nilirudi nyumbani nikivuja damu puani, ukanifuta, ukaniambia tangi! Nilimtukana Mama Musyimi sokoni, mbele za watu! Mjane! Nilimwambia mumewe ni mlevi!"

"Najua," mzee akasema. "Nilikuwa nyuma yako, nimeshika kikapu."

Esha alikikumbuka kikapu hicho, na kwamba walitembea pamoja hadi nyumbani, na kwamba njiani baba alimnunulia maembe. Alinyakua treni mezani akaivurumisha ukutani. Kazi ya miezi minane, treni peke yake, ikatawanyika chini ya viti, na hasira haikupungua hata kidogo.

Musyimi aliokota gurudumu moja, akaliweka mezani taratibu.

"Na wewe," akamuuliza Esha, "ulisogeza hiyo tangi ukijua?"

Esha alifikiria kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Musyimi akatikisa kichwa. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. "Nyinyi ni damu moja kweli," akasema. Alikunja ile picha mara mbili, akaitia mfukoni. "Hii nitampelekea mamangu. Nataka ajue mlikuwa mmefika wapi."

Kisha akatoa simu, akampigia fundi wa jiwe palepale, mbele yao.

"Chonga," akasema. "Eeh, vile tulikubaliana. Hapana, usibadilishe kitu. Dereva Hassan."

Mzee akainua mkono, kama mtu anayeomba ruhusa kwenye mkutano.

"Mwambie aongeze Mikail," akasema. "Kina Hassan ni wengi hapa Emali."