Kugonga Mlango wa Tanuri

Kazi yangu ni kufagia bustani ya watu wote, ile yenye kichwa cha treni cha zamani. Hakina mabehewa. Kimesimama juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote. Babu yangu alikuwa mtia makaa wake.

Asubuhi hiyo fundi wa kuchomelea alikuja kuufunga mlango wa tanuri, kwa sababu watoto huingia ndani kucheza. Kabla sijatoka nyumbani, babu, aliyezoea kunitania kwa kuniita mke wake, aliniita kwa jina langu.

"Gonga mara tatu, halafu usubiri," alisema. "Mimi sikusubiri."

Nilijua anasema nini. Zamani, kabla ya kuwasha moto, mtia makaa aligonga mlango kwa beleshi kisha akangoja, maana huenda msafishaji yumo ndani anakwangua majivu. Siku moja treni ilikuwa imechelewa. Babu aligonga, akatupa moto papo hapo. Msafishaji aliyekuwamo ndani alikuwa rafiki yake. Sasa babu anaumwa, na anasema mlango ukichomelewa yule mtu akiwa bado yumo, hata yeye hatapumzika kaburini.

Mimi ni mwoga wa watu. Mbele ya fundi na msimamizi wa bustani hata salamu ilinishinda. Fundi alishajaribu mashine yake, cheche zikaruka, nami nimeshika ufagio tu.

"Subiri kidogo," nikasema.

"Vipi, dada? Umesahau pochi humo?"

"Kumbe huyu bubu anaongea!" msimamizi akacheka.

Nikapanda ngazi ya chuma. Nikagonga mara tatu kwa mpini wa ufagio. Nikangoja.

"Wamekuitikia?" fundi akauliza, akipanda nyuma yangu. "Au wenyewe wamekwenda sokoni?"

Nikaufungua mlango, nikainama. Giza, masizi, harufu ya kutu. Sikujua nimwiteje. Kwa miaka ni babu, lakini alikufa kijana.

"Toka," nikanong'ona. "Moto haujawashwa."

Hewa ya moto ikanipita shavuni, kama mtu mwenye haraka anavyokupita mlangoni. Tanuri hilo lilikuwa limepoa tangu kabla sijazaliwa. Fundi akajipangusa uso, akatazama kiganja chake. Kilikuwa cheusi tii. Hakutania tena. Aliuchomelea mlango mbiombio, akaondoka bila kuaga.

Jioni nilimkuta babu ameketi kitandani.

"Ametoka?"

"Ametoka, babu."

Akashusha pumzi. Nikadhani ametua mzigo. Kisha akauliza, "Ameelekea wapi?"

Sikuwa nimetazama. Babu hakunigombeza. Alijisogeza taratibu mpaka ukutani, akaacha kitandani nafasi ya mtu kukaa.