Nyota Ndani ya Mabano

…kwa sababu mtu asiye na la kuficha hasemi usisome, anasema toa tu basi, lakini Papa Marcellin, katibu wetu wa parokia, amesema mara mbili, na hata sasa yuko pale mlangoni anajifanya anafuta kioo cha pikipiki yake kumbe ananichungulia, "Mama Laura, ile maneno ya mu parantezi, toa yote, usisome, ni siri ya batu," siri ya watu au siri yako, Papa, lakini nimeitika vizuri, ndiyo, Papa… orodha ya familia itabandikwa Jumapili mlangoni pa kanisa, na wale waliopita kuhesabu wameandika nyumba nzima mstari mmoja, kila jina na maelezo yake kwenye mabano, mjane, mgonjwa, amehama, nami nimeandika kamstari kangu ka JavaScript, amri ya kompyuta, replace(/\(.*\)/g, ''), mabano yapotee na vilivyomo, na vimepotea, safi kabisa, ila nyumba ya baba yangu imebaki Pierre, Pierre peke yake, Aristote yuko wapi, mdogo wangu yuko wapi… ndiyo hiyo basi, wamemfuta, miaka miwili hatuna habari zake tangu aende Salamabila kuchimba dhahabu, na jina lisipoonekana mlangoni pale watu wataanza kumwombea kama marehemu, Baba atasimama na fimbo yake, atasoma kwa kidole, atakuta jina lake tu, Marcellin amemzika mtoto wa watu bila kilio, nilijua, mimi hawanidanganyi, uongo nausikia ungali mbali, kama siku ile nilipokuta cherehani ya marehemu Mama haipo mahali pake nikasema mbele ya wageni wote, Aristote ameiuza, naye kesho yake akaondoka, na wiki ya tatu fundi akaja anaisukuma kwenye baiskeli, "Dada, mashini yenu ya kushona, Aristote aliiacha kwangu, alisema niitengeneze, ikuwe zawadi yako"… sitaki kukumbuka hayo, sasa nashughulika na Marcellin, naye huyu Yves mbona amebaki peke yake, Yves jirani yangu, watoto saba, makelele yao nayasikia kila asubuhi, wamekufa wote? na Clémentine peke yake, juzi tu kabatiza mapacha… hapana, hakuna aliyewafuta, ni mimi, ni nyota hii, hii * niliyoiweka mimi kwenye kamstari, mlafi huyu, inaanzia bano la kwanza la mstari haisimami mpaka la mwisho kabisa, na waliokaa katikati inawameza wote, Aristote nimemmeza mimi mwenyewe, tena mara ya pili, dawa yake alama moja ya kuuliza baada ya nyota, /\(.*?\)/g, isimame pale bano linapofungwa kwanza, rahisi tu, lakini kabla sijafuta nitachomoa, match badala ya replace, nisome, Marcellin abaki na usisome yake, mstari wa Baba, haya… (mguu unamuuma), (iko muzima, iko Lusangi, anasema dada yake asiambiwe).

Mzima. Yuko mzima, Lusangi, si mbali hivyo, pikipiki inafika, ee Mungu wangu nacheka na machozi yananitoka, dada yake asiambiwe, dada yake ni mimi, hana mwingine, Baba je, anajua? kwa hiyo zile asubuhi anazoimba siku hizi… wote wanajua, Marcellin hakuwa anaficha kaburi, alikuwa anashika neno la mtu, na nikienda huko nitamwambia nini, wakati hajaniita, anaogopa mdomo wangu kuliko shimo la dhahabu, nisamehe Aristote, nisamehe… "Mama Laura, imeisha?" bado anafuta kioo kilekile, nabonyeza, mabano yanatoka, safari hii vizuri, Pierre Aristote, baba na mwana wamekaa pamoja mstari mmoja, "Imeisha, Papa," "Haukusoma?" "Sikusoma," na uongo wangu umesimama hapo waziwazi, mtu kama mimi angeshautambua, lakini yeye anatikisa kichwa, anatabasamu, ananiamini.