Karatasi ya Msihiri

Jamani, mezani kwa Kanuni palikuwa na mazimwi, majoka na mizimu ya kila aina, lakini aliyeogopwa kweli alikuwa kaka yake, Mkasi. Jina hilo alilipata kwa ushonaji, likamganda zaidi alipoanza kumsaidia dada yake kutengeneza mchezo. Ulikuwa mchezo wa karatasi na dadu: Kanuni anasimulia safari, na kila aliyeketi anamchezesha mtu mmoja wa kubuni, mwenye fani yake. Kinyozi alikuwa Askari. Nesi alikuwa Mganga. Mke wa Mkasi, wifi yake Kanuni, alikuwa Mwizi, tena mwizi kwelikweli, hata penseli za wenzake zilipotea. Mkasi mwenyewe alikuwa Msihiri, mtu wa uchawi, fani ngumu kuliko zote, yenye sihiri ishirini na masharti yake, naye alizijua zote kwa kichwa.

Kazi ya Kanuni ilikuwa kuzibuni fani hizo, na kazi ya Mkasi ilikuwa kuzikata. Dada mtu alikuwa akija na Askari mpya anayeruka ukuta, anayejitibu jeraha, anayeona gizani, na Mkasi anaishusha miwani hadi puani. "Mdogo wangu, huyu akishafanya yote hayo, Mganga aje kufanya nini? Kutupikia chai?" Kanuni alinuna, akabishana, mwisho akafuta. Mkasi alikuwa na swali moja tu, na halikuwa na huruma: huyu akitoka, wenzake watamkosa?

Halafu ubongo wa Mkasi ukaugua. Daktari hakuzunguka, alisema kinachopotea hakitarudi, na kitaendelea kupotea. Yalianza kumtoka majina ya wateja, vikafuata vipimo, ikafuata njia ya kwenda kibandani kwake, na cherehani ikafunikwa shuka. Marafiki wakaanza kuwa na shughuli nyingi. Ikabaki meza ya Kanuni, katika chumba cha nyuma ya duka lake la kuchapa, kati ya mabunda ya karatasi na harufu ya wino. Pale tu ndipo Mkasi alipokuwa bado anacheka. Pale tu alingojewa zamu yake ifike, kama watu wengine. Kanuni akaapa: apoteze yote, lakini kiti hiki hakipotezi.

"Mimi leo nani?" Mkasi aliuliza kila alipoketi.

"Wewe Msihiri, kaka."

"Haya. Na anaweza nini?"

Sihiri ishirini zikawa tano. Tano zilipomchanganya zikawa mbili, mwisho ikabaki moja: moto. Anarusha dadu, kitu kinaungua. Tatizo, moto ule haukumfikisha popote; wenzake wanapigana vita, yeye anaunguza kichaka. Kanuni akauongezea nguvu. Looh! Sasa zimwi likichungulia tu, limeshakuwa majivu, na Kinyozi kakaa na upanga wake kama mgeni aliyekuja na mwavuli siku ya jua. Basi akaupunguza moto kidogo, akapunguza na upanga. Akapunguza dawa za Mganga. Akamnyang'anya Mwizi funguo zake. Kila alipopunguza alijiambia hii ndiyo mizani, hii ndiyo kazi yenyewe, atashindwaje na karatasi? Alijidanganya mchana kweupe, na alijua.

Kinyozi alivumilia, mtu wa watu yule. Siku moja akaweka dadu chini. "Kanuni, niseme ukweli? Askari wangu siku hizi hata kuku hamwezi. Nampenda Mkasi, unajua. Lakini siku hizi nakuja hapa kumtazama akishinda, basi."

"Ndicho kidogo kilichombakia!" Kanuni akamjia juu. "Unamwonea wivu mgonjwa?"

Maneno yakimtoka tu, akatamani ayarudishe. Kinyozi akavaa kofia yake, akaaga kwa heshima, asirudi tena. Baada yake Nesi akawa anapangiwa zamu kila siku ya mchezo. Hospitali gani hiyo? Aliyebaki ni wifi, na wifi alikuwa amechoka hadi machoni.

"Wifi, tuache," alimwambia mlangoni. "Unamtengenezea dunia isiyo na mtu."

"Bado kidogo. Nimekaribia kumweka sawa."

"Nani? Msihiri au kaka yako?"

Kanuni akarudi kwenye karatasi zake.

Mchana mmoja wifi alimwacha Mkasi dukani, akaenda kufuata dawa. Kanuni alikuwa ametandaza karatasi za fani zote nne juu ya meza ya kukatia, akitafuta cha kupunguza, na hakikuwepo tena. Mkasi akaja kusimama kando yake. Akachukua karatasi moja, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akachukua nyingine. Kisha akaishusha miwani hadi puani.

Kanuni akaliona jicho lile. Moyo ukamruka kwa furaha, jamani, kwa furaha! Kaka yake karudi.

"Nani katengeneza hii?" Mkasi akauliza.

"Kuna fundi mmoja."

"Hajui kazi." Akagonga karatasi ya Askari. "Huyu alikuwa mtu, kavunjwa miguu. Mganga hana wa kumtibu. Mwizi hana pa kuingilia. Kwa nini? Kwa ajili ya huyu." Akaiinua ya Msihiri kwa ncha za vidole. "Anarusha dadu, basi. Hana cha kuamua. Hivi huyu akitoka, wenzake watamkosa?"

Kanuni akasema: "Anayemchezesha anapapenda hapa mezani. Hana pengine pa kwenda."

"Pole yake," Mkasi akasema, na alimaanisha. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini huyo hachezi, mdogo wangu. Kakaa tu, wenzake wanamngoja amalize. Nipe penseli."

Angeweza kumnyima. Angeweza kusema penseli wifi kaiiba, wakacheka, yakaisha. Lakini miaka yote hakuwahi kumshinda kaka yake katika jambo hili, kwa sababu kaka yake hakuwa akikosea, na hata sasa hakukosea. Akampa. Mkasi akaipiga karatasi ya Msihiri mistari miwili, kona hadi kona.

"Mtoe huyo. Warudishie wenzake vyao."

"Sawa, kaka."

Akavuta kiti chake, kile kile, akaketi. Akazitazama karatasi tatu zilizobaki, akautazama ukuta, akaitazama mikono yake. Miwani ilikuwa bado puani, lakini jicho lile lilikuwa limekwisha kuondoka. Akaokota dadu, akamtabasamia Kanuni kama mteja anavyomtabasamia mwenye duka.

"Mimi leo nani?"

Kanuni alitafuta uongo, akaukosa. "Wewe kaka yangu."

"Haya," Mkasi akasema, akizitikisa dadu kiganjani. "Na anaweza nini?"