Mawe Ndani ya Pompe

Mama yangu Léontine alikuwa anakuja kila asubui kwa atelie ya mujomba Ambroise, kwenye tunatengeneza mamotere, hapa Bunia, kusikiliza pompe ya maji.

Ile pompe walituletea kutengeneza, ilitoka mu karière, kwenye wanachimba zahabu. Mwezi uliopita ilikufa, maji ikapanda mu shimo, na kaka yangu Lionel akabaki chini. Walipoiwasha tena, ndani ililia kama mutu anatupa mawe madogo-madogo. Wachimbaji wakasema ni Lionel. Basi wakawa wanaongeza gaz, ili motere ilie kwa nguvu, ifunike sauti yake.

Mama, yeye, aliitaka ile sauti.

Mujomba aliifungua mara tatu. Hakuna hata jiwe moja. Ila chuma inayozunguka ndani ilijaa matundu, kama mahindi iliyoliwa na wadudu.

"Kumbe yaya Lionel angali na meno!" Dany, mudogo wangu, akacheka. Kesho ni yeye atashuka mu lile shimo. Sikucheka.

Nilijaza chupa maji, nikapiga mudomo wake na kiganja. Mapovu yakazaliwa chini, yakapasuka, na kitako cha chupa kikaanguka.

"Munaona? Hakuna jiwe," nikasema. "Pompe ikivuta sana, maji inakatika, mapovu yanazaliwa. Moja likipasuka, kelele yake inapita mu maji, inagonga jirani, naye anapasuka. Yanaitana hivyo, yanakula chuma. Mukiongeza gaz, yanazidi."

Mujomba alichovya mupira wa kuvutia maji mu pipa, akaiwasha. Mawe yakaanza.

"Haya, punguza gaz weye mwenyewe," akaniambia.

Nikapunguza polepole. Mawe yakawa machache. Moja. Halafu moja.

"Acha hapo!" Mama alikuwa ameweka sikio kwa pipa. "Ananiita. Acha aseme, mutoto wangu."

Mimi pia nilisikia. Siwezi kudanganya. Kati ya povu na povu kulikuwa kitu kama pumzi.

Nikamuangalia Dany, bote zake tayari miguuni. Nikapunguza tena. Ikabaki maji tu, inapita.

"Itachelewa kukausha shimo," mujomba akasema, "lakini haitakufa."

Nikafunga mukono wa gaz kwa waya, nikaukaza na koleo, mutu asiweze kuongeza.

"Umemufunga mudomo," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

Dany akafunga pompe kwa pikipiki, akaenda. Mama alibaki palepale, sikio kwa pipa, na maji ilikuwa imetulia.